Nguo Haipimwi kwa Pishi

Muuza duka wa zamani alikuwa na vipimo viwili juu ya meza yake. Kwa wari alipima nguo, na kwa pishi alipima nafaka. Mnunuzi aliyetaka bafta yake ipimwe kwa pishi hakuitwa mwizi wala mpumbavu. Aliambiwa kwa upole kwamba amekosea chombo. Wari ni kipimo cha haki, na pishi ni kipimo cha haki. Hakuna kilicho bora kuliko mwenziwe mpaka ijulikane kwanza ni kitu gani kinachopimwa.

Wanadamu nao wana vipimo vingi vya kweli, na ugomvi mwingi hutokea pale kipimo kimoja kinapotakiwa kufanya kazi ya kingine. Ugomvi wa namna hiyo umedumu kwa karne nzima juu ya swali moja la shule: je, mafundisho ya dini, na mawazo mengine yenye ubishi, yana mahali katika darasa la sayansi? Swali hili limewafarakanisha watu wema. Upande mmoja yupo mzazi anayechelea kwamba mwanawe ataingia shuleni na imani na kutoka mikono mitupu. Upande wa pili yupo mwalimu anayechelea kuamrishwa kuwaambia watoto neno ambalo elimu yake inamshuhudia kwamba si kweli. Hofu zote mbili zastahili heshima, na mtu anayeicheka mojawapo hajaanza kulielewa jambo lenyewe.

Nchi ambayo ugomvi huu umekuwa mkali zaidi ni Marekani. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku kufundisha katika shule za serikali kwamba binadamu ametokana na viumbe vya chini yake. Mwalimu kijana aitwaye John Scopes alishtakiwa katika mji wa Dayton kwa kuivunja sheria hiyo, akatozwa faini ya dola 100. Hukumu ile ilitanguliwa baadaye kwa kosa la utaratibu, lakini sheria yenyewe iliishi mpaka mwaka 1967. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilizikataa sheria za namna hiyo. Ndipo wapinzani wa Darwin walipogeuza ombi lao. Kwanza walikuwa wametaka mlango ufungwe. Sasa waliomba nusu ya chumba, yaani kila linapofundishwa fundisho la mageuko ya viumbe, lifundishwe pia fundisho la uumbaji kwa jina la sayansi. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ilikataa ombi hilo nalo. Baada ya hapo kikaombwa kitu kidogo zaidi, dakika moja tu ya kusoma tangazo. Dakika hiyo ndiyo iliyoleta kesi ya Dover.

Dover ni mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania. Tarehe 18 Oktoba, 2004, halmashauri ya shule za mji huo, ambayo wajumbe wake huchaguliwa kwa kura za wakazi, ilipitisha azimio kwa kura 6 dhidi ya 3. Azimio liliagiza kwamba wanafunzi wa elimu ya viumbe waonywe juu ya mapengo yaliyomo katika nadharia ya Charles Darwin, na wajulishwe fundisho jingine lisemalo kwamba viumbe vimefumwa kwa ustadi mkubwa mno hata haiwezekani kuwa vilitokea pasipo msanifu mwenye akili. Fundisho hili halikumtaja Mungu kwa jina. Lilimtaja msanifu, likamwachia msikilizaji ajaze pengo mwenyewe.

Tangazo likaandikwa ili lisomwe mbele ya wanafunzi wa darasa la tisa, watoto wa miaka 14 au 15. Lilisema kwamba mageuko ni nadharia, wala si jambo la hakika, na kwamba kitabu kiitwacho Of Pandas and People kipo shuleni kwa atakaye kulijua fundisho la msanifu. Walimu wa sayansi wa shule ile walikataa kulisoma. Mwezi wa Januari, 2005, wakuu wa shule waliingia madarasani wakalisoma wenyewe. Mwanafunzi asiyetaka kulisikia aliruhusiwa kutoka nje. Aliyebaki hakupewa nafasi ya kuuliza.

Wazazi 11 walikuwa wamekwisha kwenda mahakamani. Kesi ilisikilizwa mjini Harrisburg tangu tarehe 26 Septemba mpaka tarehe 4 Novemba, 2005, mbele ya Jaji John E. Jones III, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush. Tarehe 20 Desemba jaji alitoa hukumu yenye kurasa 139. Alisema kwamba fundisho la msanifu si sayansi, na kwamba kulipeleka darasani kuliivunja Katiba ya Marekani, ambayo inaikataza serikali kuisimamisha dini yoyote. Mwezi mmoja kabla ya hukumu, wakazi wa Dover walikuwa wamekwisha kupiga kura zao: wajumbe wote 8 wa halmashauri waliosimama katika uchaguzi walishindwa. Wilaya ya shule ikabaki na deni la gharama za mashtaka, ikalipa kiasi cha dola milioni 1.

Hukumu ya mahakama humaliza shauri, lakini haimalizi swali. Katiba ya Marekani haitawali Mombasa wala Tabora, na katika nchi za Afrika Mashariki dini ina vipindi vyake shuleni bila ya kuvunja sheria. Kwa hiyo hoja za watu wa Dover zafaa zichukuliwe mbali na sheria, zipimwe kwa uzito wake zenyewe.

Hoja ya kwanza ni ya uadilifu. Mwamuzi mwema husikiliza pande mbili. Kwa nini mwalimu asikilize upande mmoja? Hoja ya pili ni ya unyenyekevu. Wanasayansi wenyewe huita fundisho lao nadharia, na nadharia za jana zimeanguka mara nyingi. Kwa nini hii ya leo ifundishwe kama kwamba haitaanguka kesho? Hoja ya tatu ni ya mzazi. Mtoto ni wa mzazi kabla ya kuwa wa shule, na kodi inayomlipa mwalimu hutoka katika mfuko wa mzazi. Kwa nini basi asiwe na kauli juu ya linalotiwa katika kichwa cha mwanawe? Hizi si hoja za wajinga. Mtu akizisikia mara ya kwanza, huona kwamba zina haki.

Hoja ya uadilifu yataka itazamwe kwanza pande mbili ni za nini. Barazani kadhi husikiliza mdai na mdaiwa kwa sababu wote wawili wako chini ya sheria moja na hutakiwa kuleta mashahidi wa namna moja. Lau mdai ataleta mashahidi na mdaiwa ataleta ndoto, hakuna uadilifu katika kuvipa vitu hivyo viwili uzito mmoja. Sheria ya darasa la sayansi ni kwamba kila neno linalosemwa humo liwe tayari kukanushwa na jaribio. Anayedai kwamba maji huchemka kwa moto kadha anajua sufuria inaweza kumuumbua. Katika hatari hiyo ya kuumbuliwa ndimo heshima yake ilimo. Fundisho la msanifu halikuingia katika hatari hiyo. Shahidi wake mkubwa huko Harrisburg, Profesa Michael Behe wa Chuo Kikuu cha Lehigh, alidai kwamba kinga ya mwili wa binadamu imefungamana mno hata haikuweza kutokea kidogo kidogo. Aliwekewa mbele yake makala 58 na vitabu kadha vilivyoeleza jinsi kinga hiyo ilivyoweza kutokea, akasema hazitoshi. Alipoulizwa juu ya maana aliyoipa neno nadharia, alikiri kwamba kwa maana hiyo hata unajimu ungehesabiwa nadharia ya sayansi. Jibu hilo lafaa kukumbukwa. Mlango uliopanuliwa ili kumpitisha mgeni mmoja ulikuwa umepanuka kiasi cha kumpitisha na mpiga ramli.

Kuna mtu atakayesema kwamba sheria hii ni ujanja wa wakubwa kuyafungia nje mawazo mapya. Shutuma hii yajibika kwa jambo lililotokea katika siku zile zile za kesi. Tarehe 3 Oktoba, 2005, juma la pili la mashtaka ya Harrisburg, ilitangazwa mjini Stockholm kwamba Tuzo ya Nobel ya uganga imewaendea madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren. Hawa walikuwa wamesema, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, kwamba vidonda vya tumbo huletwa na bakteria. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kwamba huletwa na asidi na mahangaiko ya moyo, na hawakuwasadiki. Marshall hakwenda kwa halmashauri ya shule kuomba wazo lake lisomwe kwa watoto. Mwaka 1984 alikunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, akaugua tumbo, akaandika aliyoyaona. Wengine walirudia uchunguzi, wagonjwa walipewa dawa za kuua bakteria wakapona, na leo jambo lile limo katika vitabu vya shule. Ubishi, basi, haufukuzwi katika sayansi. Unaingia kwa mlango wa maabara, ukiwa umechoka na kutoka jasho. Hauingii kwa kura.

Wala mtu hazuiliwi kwa sababu ya joho alilovaa. Georges Lemaître alikuwa padri wa Kikatoliki wa Ubelgiji. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akaeleza kwamba ulianza kama kitu kimoja kidogo kilichosongamana mno. Albert Einstein hakumkubali kwanza. Wengine waliona kwamba wazo lake linanuka ubani wa kanisani, maana ulimwengu wenye mwanzo unafanana mno na uumbaji. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipozungumza kana kwamba sayansi imeuthibitisha uumbaji, aliyesikitika alikuwa Lemaître mwenyewe. Hakutaka imani yake ifanywe nguzo ya hesabu zake, wala hesabu zake zifanywe nguzo ya imani yake. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba mnururisho uliobaki tangu mwanzo huo umepatikana angani, na padri yule alipata habari hizo kabla ya kufa mwaka 1966. Wazo lake linafundishwa leo katika madarasa ya Waislamu, ya Wakristo na ya wasio na dini, na hakuna anayeulizwa kwanza kama anamsadiki Papa. Limefundishwa kwa kuwa liliingia katika hatari ya kukanushwa, likatoka salama.

Hoja ya unyenyekevu nayo ina upungufu wake, na upungufu huo umo katika neno nadharia. Katika mazungumzo ya barabarani nadharia ni jambo la kukisia: mtu husema ana nadharia yake juu ya aliyeiba kuku. Katika sayansi neno hilo ni kubwa kuliko hapo. Ni maelezo yanayokusanya mambo mengi yaliyoshuhudiwa, yakayafunga pamoja kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu ni nadharia; hata hivyo hakuna anayekubali kupasuliwa na daktari asiyenawa mikono kwa udhuru kwamba ni nadharia tu. Ni kweli kwamba nadharia yaweza kusahihishwa, na mwalimu mwema huwaambia hivyo wanafunzi wake juu ya kila somo. Tangazo la Dover halikufanya hivyo. Lilichagua nadharia moja kati ya zote ikapewa onyo peke yake. Unyenyekevu unaotumwa kwa jirani mmoja tu si unyenyekevu. Ni ugomvi uliovaa kanzu.

Ilionekana pia mahakamani kwamba unyofu ulikosekana. Miswada ya kale ya kile kitabu cha Of Pandas and People ililetwa, ikaonekana kwamba hapo kwanza ilitumia maneno ya uumbaji waziwazi. Baada ya hukumu ya mwaka 1987 maneno hayo yalifutwa, yakawekwa maneno ya usanifu mahali pake, na maana ikabaki ile ile. Jambo hili ni zito kwa mwenye dini kuliko kwa mwingine yeyote. Mja anayemwamini Mola wake hana haja ya kumficha chini ya jina la kupanga ili apite langoni bila kutambuliwa. Dini zinazojulikana Afrika Mashariki zimefundisha tangu kale kwamba kweli husemwa hadharani.

Hapo ndipo inapoonekana hasara ambayo watetezi wa dini hawakuihesabu. Anayeileta imani katika darasa la sayansi hudhani kwamba anaipandisha cheo, kumbe anaishusha. Humo darasani kila neno ni la kujaribiwa, na huenda likatupwa Ijumaa baada ya kufundishwa Jumatatu. Je, mzazi wa Dover alikuwa radhi kweli kwamba Muumba awe jambo la kuangaliwa kwa darubini, atolewe maksi, na afutwe ubaoni siku jaribio litakapokwenda kinyume? Tena, fundisho lile lilimweka Msanifu katika mapengo, pale ambapo wanazuoni hawajui bado. Mapengo hufungika. Kila pengo linapozibwa na utafiti mpya, mtoto aliyefundishwa kwamba Mungu amekaa humo huona Mungu amehamishwa. Imani iliyojengwa juu ya ujinga wa leo hubomoka kwa elimu ya kesho, na aliyeijenga huko hana wa kumlaumu. Si ajabu kwamba miongoni mwa mashahidi wa wale wazazi 11 walikuwamo Kenneth Miller, mwanachuoni wa elimu ya viumbe, na John Haught, mwanachuoni wa dini, wote wawili Wakatoliki. Haikuwa kesi ya waumini na makafiri. Ilikuwa kesi ya watu waliotofautiana juu ya kipimo.

Uadilifu wataka kwamba fimbo hii ipige pande zote. Mwalimu wa sayansi anayesimama mbele ya watoto akawaambia kwamba, kwa kuwa viumbe vimegeuka, basi hakuna Mungu, ametenda kosa lile lile la halmashauri ya Dover. Ameitia pishi mahali pa wari. Hakuna darubini iliyomwona Mungu, wala hakuna darubini iliyoona kwamba hayupo. Mwalimu huyo amehubiri, na hakuajiriwa kuhubiri. Wala dini si peke yake inayojaribu kuiamuru sayansi. Katika Urusi ya Kisovieti, mwaka 1948, serikali ilimuunga mkono Trofim Lysenko, na elimu ya urithi wa viumbe ikapigwa marufuku kwa sababu haikupatana na siasa ya chama. Miaka 5 kabla yake, Nikolai Vavilov, bingwa wa mbegu za mazao, alikuwa amekufa gerezani. Waliotenda hayo hawakuamini Mungu. Walikuwa na kitu kingine walichotaka kisiulizwe, na darasa la sayansi hudhoofika kila linapotiwa kitu kisichoulizwa, liwe jina lake ni dini ama ni siasa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba huu ni ugomvi wa ng'ambo. Lakini ushahidi mwingi unaogombewa umechimbuliwa katika udongo wake. Tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aliliona huko Olduvai, Tanganyika, fuvu la kiumbe aliyepewa jina la Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinji, kwa jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani hii. Umri wa fuvu hilo ni kiasi cha miaka milioni 1 na robo tatu. Mumewe, Louis Leakey, alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mwana wa Kenya, aliona upande wa magharibi wa Ziwa Turkana mabaki ya kijana aliyekufa kiasi cha miaka milioni 1 na nusu iliyopita. Mwaka 2006, Jumba la Makumbusho la Nairobi lilipokuwa likitengenezwa, baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka mabaki ya namna hiyo yasipewe mahali pa mbele, wala mageuko yasielezwe kama jambo la hakika. Makumbusho hayakukubali, na jumba lilipofunguliwa tena mwaka 2008 mabaki yaliwekwa wazi. Mabaki hayakumkataza mtu kusali. Yaliwekwa tu mahali panapoonekana, na kila mtazamaji akaachiwa moyo wake.

Kuna jambo lililo karibu zaidi na maisha kuliko mafuvu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi aliofanya Kenya, Uganda na Tanganyika juu ya ugonjwa wa selimundu. Aliona kwamba watu wenye chembe ya urithi ya ugonjwa huo ni wengi mahali penye malaria nyingi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa wazazi wote wawili huugua. Aliyeirithi kwa mmoja hukingwa na malaria kali kuliko wenziwe. Uteuzi wa maumbile ulikuwa ukifanya kazi katika damu ya watoto wa pwani na wa ziwani, vizazi kwa vizazi, kabla ya kitabu cha Darwin kuandikwa. Vimelea vya malaria navyo viko chini ya kanuni hiyo hiyo. Klorokwini ilitibu malaria kwa miaka mingi. Vimelea vilivyoweza kuistahimili vikasalimika vikazaana, mpaka Tanzania ikalazimika kuiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Mama aliyempa mwanawe klorokwini katika miaka ya mwisho ya dawa hiyo, na homa isishuke, alikutana na mageuko ya viumbe nyumbani mwake, ijapokuwa hakulijua jina lake.

Basi hasara ya kuichanganya mizani si ya wanazuoni peke yao. Mwuguzi asiyejua kwa nini dawa huzoewa na vijidudu hataona ubaya wa mgonjwa kuacha dozi katikati, wala hatajua namna ya kumweleza. Kijana wa leo atakayetafuta dawa ya kesho hawezi kuitafuta ikiwa mwalimu wake aliogopa kumfundisha sura moja ya kitabu. Watoto wa nchi ambazo malaria huua ndio wenye haja kubwa zaidi ya kufundishwa sura hiyo pasipo kigugumizi.

Imebaki hoja ya mzazi, na hiyo ndiyo iliyo karibu na moyo. Mzazi ana haki kubwa, lakini haki hiyo haimpi mamlaka juu ya majira ya mwezi. Hesabu haibadiliki kwa kura za kijiji, na pishi ya duka haipunguzwi kwa sababu wanunuzi ni wengi. Haki ya mzazi ni kwamba mwanawe asidhihakiwe, na imani ya nyumbani kwake isitukanwe na mtu anayelipwa mshahara kwa kodi yake. Haki hiyo aidai kwa nguvu, na shule ina wajibu wa kumpa.

Na itokee siku, kama inavyotokea, mtoto anyooshe mkono katikati ya somo aseme, "Mwalimu, nyumbani nimefundishwa kwamba Mungu alimuumba Adamu kwa udongo. Nimsadiki nani?" Darasa zima hunyamaza. Mwalimu mvivu atacheka, na mwalimu mwoga atafunga kitabu. Wote wawili watakuwa wamemwambia mtoto kwamba swali lake ni aibu. Mwalimu mwema atalipokea swali kwa heshima, kwa kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Atajibu kwamba somo hili linaeleza yale yanayoweza kupimwa kwa mifupa, kwa mawe na kwa damu, na jinsi watu walivyoyapima. Kwamba mwanafunzi hatakiwi kuapa kwamba anayaamini, anatakiwa ayaelewe na aweze kuyaeleza pamoja na ushahidi wake. Na kwamba kwa nini ulimwengu upo, na mtu aishi vipi ndani yake, ni maswali makubwa ambayo chombo hiki hakikutengenezwa kuyapima. Kisha atamwambia akaulize pia kwa shehe wake au kwa padri wake, na asiogope kuuliza huko kama alivyouliza hapa. Wapo waumini wengi walioyashika yote mawili bila kuvunjika, na wapo walioona shida. Mtoto ana haki ya kujua kwamba watu hao wote wapo.

Jibu la namna hii halimalizi taabu ya mtoto. Huenda akalala na swali lake usiku huo, na usiku mwingine. Lakini amelala nalo kama mtu mwenye akili aliyeheshimiwa, wala si kama mateka wa vita ya wakubwa. Tangazo la Dover lilisomwa, wasomaji wakatoka, na watoto wakaachwa bila ruhusa ya kunyoosha mkono. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote yaliyoandikwa katika kurasa zile 139. Wazo lolote, la dini au lisilo la dini, linaloingia darasani kwa sharti kwamba lisiulizwe, limekwisha kujihukumu lenyewe kwamba hapo si mahali pake.

Mafahali wawili, husemwa, hawakai zizi moja. Methali ni ya kweli kwa mafahali. Imani na sayansi hazikuumbwa kugombea zizi. Moja huuliza jinsi gani, nyingine huuliza kwa ajili gani, na nyumba iliyo timamu ina haja ya majibu yote mawili. Muuza duka aliyekuwa na wari na pishi hakuona haja ya kuvunja kimoja ili kingine kiheshimiwe. Aliviweka vyote juu ya meza moja, kila kimoja upande wake, na alipoingia mnunuzi alimwuliza kwanza, kabla ya kunyoosha mkono, anataka kununua nini.